Yowe la Msaliti

Katika The Judas Contract, hadithi ya katuni iliyochapishwa Marekani mwaka 1984, msaliti ni msichana mwenye meno yaliyochomoza kidogo na madoadoa usoni. Jina lake Tara Markov, na akiwa kazini huitwa Terra, kwa sababu ardhi humtii: akiinua mkono, mwamba hupasuka. Mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walimleta mwishoni mwa 1982 kama mtoto wa kuonewa huruma, kisha wakamwingiza katika timu ya vijana wenye nguvu za ajabu, New Teen Titans. Vijana wale walikula naye, wakamfundisha kupigana, wakamwonyesha nyuso zao bila barakoa. Mmoja wao, Garfield Logan, alimpenda kwa moyo wote. Kumbe muda wote huo binti alikuwa ametumwa na Slade Wilson, muuaji wa kukodiwa, na machoni alivaa lenzi zenye kamera. Kila siri ya nyumba ile ilipigwa picha na kupelekwa kwa adui.

Wolfman na Pérez walieleza baadaye kwamba walimwumba Terra awe msaliti tangu mwanzo, na kwamba sura ile ya kitoto ilikuwa ya makusudi, ili msomaji asimshuku. Wasomaji wengi walingoja atubu. Hakutubu. Alikufa chini ya mawe aliyoyaangusha kwa hasira zake mwenyewe, na hadi leo ni mmoja wa wasaliti wanaokumbukwa zaidi katika katuni za mashujaa.

Mpe hadithi hii kijana wa Rubavu, na siku hizi vijana wetu huzipata kwenye simu, halafu muulize amejifunza nini. Atakujibu kwa maneno ya wahenga: kikulacho ki nguoni mwako. Atasema timu ile ilikosea kumfungulia mlango mtu ambaye hawakumjua, na kwamba kiongozi mwenye akili huwachunguza watu wake mmoja mmoja. Ni jibu linaloeleweka. Lakini katika mji huu wa Gisenyi, funzo hilohilo liliwahi kuchapishwa gazetini, likapambwa kwa michoro, likauzwa mitaani, na lilipofika mwisho wake watu walikuwa wamelala makaburini kwa maelfu. Sisemi kwamba katuni inalingana na mauaji ya kimbari. Nasema kwamba namna ya kufikiri ni ileile, na kijana aipendaye hadithi ya Terra anastahili kuonyeshwa ilikofika ilipotoka kwenye karatasi.

Mwenye gazeti hilo, Hassan Ngeze, alizaliwa mwaka 1957 katika wilaya ya Rubavu, mkoa wa Gisenyi kama ulivyoitwa wakati ule. Hakuwa mgeni kutoka mbali wala mtu aliyevaa sura ya bandia. Mwezi Mei 1990 alianzisha gazeti la Kangura, akajibu mapigo ya gazeti jingine lililokuwa likisomwa sana, Kanguka. Miezi mitano baadaye, tarehe 1 Oktoba, wapiganaji wa RPF, kundi la waasi, waliingia nchini kutoka Uganda na vita ikaanza. Usiku wa kuamkia tarehe 5, milio ya bunduki ilitikisa Kigali. Serikali ikatangaza kwamba adui amefika mjini kwa msaada wa washirika wake wa ndani. Shambulio hilo lilikuwa limetengenezwa na jeshi la serikali lenyewe, lakini kulipokucha kamatakamata ilikuwa imekwisha kuanza. Maelfu walitiwa ndani kwa jina moja tu, ibyitso, washirika wa adui. Januari 1991, RPF walipouvamia mji wa Ruhengeri, adhabu iliwaangukia Wabagogwe, wafugaji wa Kitutsi wa milima hii ya kwetu, ambao hawakuwa na bunduki wala habari ya uvamizi. Waliuawa kama wasaliti wakiwa malishoni na majumbani mwao.

Katikati ya hofu hiyo ndipo Kangura ilipochapisha, katika toleo la 6 la Desemba 1990, zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu. Wengi wamezisikia, wachache wamezisoma kwa utulivu. Ukizisoma utashangaa jinsi zinavyorudia hukumu ya usaliti. Amri ya kwanza inadai kwamba mwanamke wa Kitutsi, popote alipo, hufanya kazi kwa faida ya kabila lake. Kwa hiyo Mhutu anayemwoa, anayemfanya hawara au kumwajiri kama katibu wake ni msaliti. Ya nne inasema vivyo hivyo juu ya anayeshirikiana na Mtutsi katika biashara, awe amempa mtaji au mkopo. Na ya kumi inafunga mlango: Mhutu anayemsumbua mwenzake kwa kuzieneza amri hizi naye ni msaliti.

Linganisha amri ya kwanza na Terra. Binti aliyetumwa, anayeingia nyumbani kwa sura ya upole, anayependwa ili aibe siri. Wolfman na Pérez walibuni binti mmoja wa hadithi. Kangura ilichukua picha hiyo ikawavika wanawake wa kabila zima: wake za watu na makatibu wa ofisini, pamoja na wasichana waliokuwa bado shuleni. Mapema 1994 gazeti hilo lilimchora hata Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, akiwa mikononi mwa wanawake wa Kitutsi, ili msomaji aamini kwamba naye amenaswa. Mchoro husomwa hata na asiyejua kusoma, na ndiyo sababu jalada la toleo la 26, Novemba 1991, liliweka panga kando ya swali kuhusu silaha ya kuwashinda kabisa Watutsi, ambao gazeti liliwaita mende. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye nchi nzima ilijua jibu.

Jambo ambalo kijana msomaji wa katuni halioni upesi ni hili. Amri zile hazikumkamata jasusi hata mmoja, na hazikukusudiwa kumkamata. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu waliokuwa wakiishi pamoja waanze kuhesabiana: nani ameoa wapi, nani anafanya biashara na nani, nani alinyamaza wengine walipopiga kelele. Uaminifu ukapimwa kwa chuki. Mtu mwema akawa mtuhumiwa kwa sababu ya wema wake, na aliyetaka kuthibitisha kwamba hakuwa msaliti alikuwa na njia moja tu ya kuthibitisha. Kama timu ya Rwanda ilisalitiwa, na naamini ilisalitiwa, ilisalitiwa na mwenye kupiga yowe la "msaliti".

Aprili 1994 ilipofika, vizuizi viliwekwa kwenye barabara za Gisenyi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilithibitisha kwamba Ngeze mwenyewe aliweka na kusimamia vizuizi vilivyotumika kuwabaini Watutsi, ambao kisha walipelekwa kuuawa mahali palipoitwa Commune Rouge. Pale palikuwa makaburini. Leo ni eneo la kumbukumbu, na kila mwaka familia huenda kuomboleza.

Mahali hapohapo alikufa Félicité Niyitegeka. Alizaliwa mwaka 1934, alikuwa mtumishi wa kanisa Katoliki, na aliendesha Kituo cha Saint-Pierre hapa Gisenyi. Alikuwa Mhutu. Mauaji yalipoanza aliwaficha Watutsi waliomkimbilia, na kwa msaada wa wengine akawavusha baadhi yao mpaka upande wa Goma, mji wa Kongo ulio hatua chache kutoka hapa kwa anayejua njia. Kaka yake, ofisa wa jeshi, aliona kinachokuja akamtaka ajiokoe. Félicité alimjibu kwa barua: alimshukuru, akamweleza kwamba ana watu 43 mikononi mwake, na kwamba kuliko kuokoka kwa kuwaacha, anachagua kufa pamoja nao. Tarehe 21 Aprili wanamgambo waliwachukua wakawapeleka Commune Rouge. Kwa ajili ya kaka yake walikuwa tayari kumwachia. Alikataa, akauawa.

Kwa kipimo cha Kangura, mwanamke huyu alikuwa msaliti kamili. Alivunja karibu kila kitu ambacho orodha ile ilidai kwa Mhutu mwaminifu. Taifa leo limemweka katika daraja la Imena la mashujaa wake, pamoja na Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu wa wakati ule, ambaye gazeti lilelile lilimdhihaki kwa michoro, na pamoja na wanafunzi wa Nyange, ambao Machi 1997 waliamriwa na washambuliaji wajitenge Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa, na baadhi yao wakauawa kwa kukataa kwao. Nikiulizwa na kijana timu halisi ya mashujaa ni ipi, namtajia wanafunzi wale wa Nyange kabla ya kumtajia kikosi chochote cha katuni. Waliulizwa swali lilelile la Amri Kumi, mtutu ukiwa umeelekezwa kwao, na hakuna aliyemtoa mwenzake.

Hapa itakuwa rahisi kumfanya Ngeze kuwa Terra wetu, kiumbe aliyezaliwa mbaya, tumzike na tuendelee. Wolfman alifanya hivyo kwa binti yake: maelezo ya kurasa za mwisho yanamwambia msomaji kwamba chuki ya Terra haikuwa na chanzo, kwamba ndani yake hamkuwa na wema uliopotea. Ndiyo sehemu ya hadithi nisiyoikubali, na siikubali kwa sababu ya kesi ya Arusha. Ngeze alikamatwa Kenya Julai 1997. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003, kifungo cha maisha, na rufaa ya Novemba 2007 ikakipunguza kuwa miaka 35. Katika hukumu ile ya kwanza majaji waliandika jambo ambalo watu wengi hulipita: kwamba mtu huyu aliwaokoa Watutsi kadhaa kwa kuwavusha mpaka. Waliona pia kwamba uwezo wake wa kuokoa ulizidiwa na uwezo wake wa kuua. Mpaka uleule aliovusha watu Félicité, yeye naye alivusha watu. Alijua kwamba wale ni binadamu na si mende. Alijua, na bado akasimama kizuizini.

Hilo linanitisha kuliko lenzi za Terra. Mtu wa namna hiyo humtambui kwa meno wala kwa kabila, na hata kumpekua hakukusaidii, kwa kuwa hana siri ya kufichua. Kangura haikuwa siri. Iliuzwa hadharani karibu miaka minne. Watu waliosoma Amri Kumi Desemba 1990 na kunyamaza hawakukosa ushahidi. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao, umechapishwa. Titans walidanganywa na kamera iliyofichwa jichoni. Sisi tulikuwa na jalada lenye panga, na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo ninapoirudia The Judas Contract na vijana, huwaomba wamwache Terra kidogo wamtazame Slade Wilson. Terra ni msichana wa miaka kumi na mitano au sita. Slade ni mtu mzima, askari wa zamani, baba wa watoto, na hadithi haifichi kwamba alimtumia binti yule kwa kila namna ambayo mtu mzima hapaswi kumtumia mtoto. Mwisho wake binti yuko kaburini, na Slade anaendelea kuishi katika vitabu hivyo. Mwaka 1991 akapewa mfululizo wake mwenyewe, akawa mtu wa kushangiliwa. Kwa miaka arobaini wasomaji wengi wamemchukia mtoto na kumvulia kofia aliyemtuma. Nawauliza vijana: katika hadithi za usaliti mnazosimuliana mtaani na kwenye simu, yule anayemtaja msaliti amesimama wapi, na anapata nini mkimwamini? Hapa mpakani swali hilo halijazeeka. Kila mapigano yanapowaka upande wa Goma, majina ya makabila huanza kuzunguka tena kwenye sauti za WhatsApp, Kiswahili na Kinyarwanda, na kila mara kuna mtu anayedai kuwajua washirika wa adui walio miongoni mwetu.

Kuna kipande cha hadithi ile ambacho watu hukisahau kwa sababu ya kishindo cha kifo cha Terra. Timu nzima ilipokuwa imetekwa, aliyekuja kuwaokoa pamoja na Nightwing, yule aliyekuwa Robin hapo awali, alikuwa Joseph Wilson, kijana asiyeweza kusema, mwana wa Slade mwenyewe. Damu ya adui. Vijana wale walikuwa wametoka kusalitiwa muda mfupi tu uliopita, tena na mtu waliyempenda, na walikuwa na kila kisingizio cha kuanzisha orodha yao. Badala yake walimkaribisha Joseph katika timu. Najua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 waandishi walimgeuza kuwa adui, akiwa amepagawa na roho za watu wengine, na wapo wanaosema basi Titans walikosea tena. Mimi nasema hawakukosea. Walimpima kwa alichokitenda usiku ule mbele ya macho yao. Kwa kipimo cha toleo la 6 la Kangura, mwana wa Slade Wilson asingevuka hata kizuizi cha kwanza, na wale aliokuja kuwaokoa wangefia walipokuwa.