Karatasi Tatu za Usiku

Usiku mmoja huko Walikale, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, katika nyumba ya mbao ya mwalimu aliyenikaribisha, mlango ulibishwa wakati watoto wamekwisha kulala na jenereta imekwisha kuzimwa, na sauti ya mwanamke ikaita kwa staha kutoka barazani, "Hodi, Papa Mwalimu. Utusamehe. Zile karatasi tatu za mtihani hazijatoka." Mwalimu akaitika, "Karibu, Mama. Ingia kwanza," kisha akapapasa gizani akitafuta tochi.

Ili msomaji afahamu kwa nini karatasi zilikataa kutoka, yafaa nieleze jinsi nyumba hiyo ilivyopangwa. Ndani yake mlikuwa na kompyuta tatu na printa moja, nayo printa ilifungwa kwa waya katika kompyuta ya mwalimu, ikafunikwa kitambaa kuikinga na vumbi; na juu ya kabati kilikaa kisanduku cheupe chenye taa ndogo, ambacho kazi yake ni kuziunganisha kompyuta kwa mawimbi yasiyoonekana, hata siku ambazo mtandao wa simu umetoweka mji mzima, maana watu wa nyumba moja hawahitaji dunia ya nje ili wapate kusemezana. Mawimbi hayo hayajui mpaka wa kiwanja. Hupenya kuta za mbao bila taabu, na kwa hiyo mwalimu alimpa jirani yake, mwalimu mwenzake wa kike, ndiye huyu aliyebisha hodi, neno la siri, naye akawa anapeleka karatasi zake kutoka chumbani kwake mwenyewe. Lakini printa iliyofungwa kwa waya katika kompyuta ya mtu mmoja ina sharti moja zito: kompyuta ile mwenyeji ikilala, wengine wote hawana printa. Kazi zao hukaa foleni, kila moja kwa zamu yake, zikingoja mwenye nyumba aamke.

Nilipokuwa nikimtazama mwalimu akitafuta viatu vyake, swali lilinijia ambalo halijanitoka hata leo: je, yule aliyebisha hodi alikuwa akiomba fadhila, au alikuwa akidai haki?

Sura ya 107 ya Kurani, yenye aya 7 tu, imepata jina lake kutokana na neno lake la mwisho, al-Maun, na wafasiri wa kale, akiwamo Ibn Masud, walilieleza neno hilo kwa vyombo ambavyo majirani huazimana kila siku: shoka, chungu, ndoo. Kila niisomapo hustaajabu kwamba kumnyima jirani vitu hafifu kama hivyo kumewekwa safu moja na kumsukuma yatima na kusali ili kuonekana na watu. Huko Walikale na katika Masisi jirani, watu wengi ni Wakristo, nao wanakifahamu kisa kilichomo katika Injili ya Luka, cha rafiki aliyebisha usiku wa manane kutaka mikate mitatu, na mwenye nyumba aliyejitetea kuwa mlango umefungwa na watoto wamelala. Na mwanachuoni wao mkubwa wa karne ya 13, Thomas wa Aquino, alipojiuliza kama ni halali mtu kumiliki mali, aligawanya jambo mara mbili: katika kuitunza na kuigawa, mali na iwe ya mtu, ama katika kuitumia, mwenye mali imempasa aihesabu kuwa ni ya wote, awe mwepesi kuitoa kwa mhitaji. Mimi naona mgawanyo huo unaifaa printa zaidi kuliko shamba au ng'ombe, kwa sababu printa aghalabu hukaa bure mchana kutwa na usiku kucha, na saa zile zinazopita bure mwenyewe hawezi kuziweka akiba.

Wala si ajabu, kwa kuwa mtandao wa namna hii, wa kuunganisha kompyuta za jengo moja, ulizaliwa kwa sehemu na haja ya kutumia pamoja mashine ya kuchapa. Katika maabara ya Xerox huko California, Gary Starkweather aliunda printa ya leza mwaka 1971. Ilikuwa ghali mno kuwekwa mbele ya kila mtu, na mwaka 1973 Robert Metcalfe na wenzake wakabuni njia ya waya ya kuiunganisha na kompyuta nyingi, njia ambayo hata leo hubeba habari za dunia. Lakini mashine ya ushirika huweza kuwa na kufuli ndani yake. Karibu mwaka 1980, katika chuo cha MIT, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya wote ili karatasi ikikwama kila anayengoja apewe habari. Akanyimwa programu kwa kuwa ilikuwa siri ya wenyewe, na uchungu ule ulikuwa mmoja wa mizizi ya harakati ya programu huru aliyoitangaza mwaka 1983. Walimpa chombo, wakamnyima ujuzi wake. Nadhani wafasiri wa Maun wangelitambua kosa hilo mara moja.

Hata hivyo ni lazima niwe mwadilifu kwa mwenye mashine. Wazee wetu walipopalia moto kwa jirani, kaa lililotoka halikuupunguza moto uliobaki, na ukarimu wa namna hiyo ni mwepesi. Wino si moto. Wino huisha, karatasi huisha, na Walikale, ambako mizigo mingi hupita katika barabara ya matope au hushuka kwa ndege, kila chupa ya wino ina historia ndefu ya safari. Na kuna kitu cha tatu kinachoisha ambacho watu hawakihesabu, nacho ni usingizi wa mwenyeji. Jimbo la Kivu ya Kaskazini linalijua jambo hili kwa machungu: mapigano yalipofika Masisi-Kati Januari 2025, na Walikale-Kati Machi mwaka ule ule, watu wengi waliokimbia hawakupokelewa na hema bali na familia, na familia hizo ziligawa sufuria, godoro na choo, vitu ambavyo kila kimoja hupungua kinapogawiwa.

Kuna jambo jingine lililo ndani ya mashine yenyewe. Vipande vyake vimeshikamanishwa kwa lehemu, na lehemu kwa sehemu kubwa ni bati. Na bati hutoka, pamoja na kwingineko, Bisie katika Walikale hii hii, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji walichimba kasiterite, jiwe lenye bati, kwa mikono, na wapagazi wakabeba magunia ya kilo 50 migongoni kupitia msituni hadi barabarani, kabla mgodi wa mitambo haujaanza uzalishaji mwaka 2019. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa tantali inayotiwa katika vifaa vya umeme, na hukadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka hapo. Bati likisha kuyeyushwa hakuna awezaye kulitenga la Bisie na la nchi nyingine. Jasho limechanganyika nalo. Basi mtu akinunua printa dukani Goma na kusema "hii ni yangu," amesema kweli mbele ya sheria, lakini mpagazi aliyeshuka na gunia lile hakulipwa chochote kinachofanana na thamani ya safari yake, na mimi siamini kwamba deni analodai lilifutika kwa sababu bati limepita mikono mingi. Yeye pia ni jirani wa chombo kile. Naye hajawahi kubisha hodi.

Mwanamke aliingia, akatoa katika mfuko wa plastiki karatasi zake mwenyewe, nyeupe, zisizokunjwa, na chupa ya maji iliyotiwa esansi, yaani petroli, ya jenereta hadi nusu. Mwalimu alitaka kuikataa. Nikafurahi alipoipokea, kwa kuwa angeikataa, yule mama angekuwa mwombaji, na kwa kuwa aliipokea, mama alibaki mshirika. Jenereta ikavutwa kamba mara nne, ikawaka. Kisanduku cheupe, kilichokuwa kimezimika pamoja na umeme, kilikaa dakika nzima kikikusanya watu wake, kompyuta ya mwenyeji ikaamka, na foleni iliyokuwa ikingoja ng'ambo ya ukuta ikaanza kusogea. Zikatoka karatasi mbili. Ya tatu ilikwama, na wote wawili wakainama chini ya tochi, vichwa vikigusana, wakaivuta polepole isichanike.