Elimu ya uongozi iwafuate watu wa Malinyi walipo



Ndugu msomaji, wiki hii nazungumzia jambo ambalo baadhi yetu hudhani halihusiani na mimbari, nalo ni elimu ya uongozi kwa wananchi wa vijijini. Nachukua mfano wa Malinyi, katika Bonde la Kilombero. Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam na Morogoro tuna ndugu huko, na wengine tuna mashamba ya mpunga tunayoyakumbuka wakati wa mavuno tu.

Imam Bukhari amepokea habari ya Malik bin al-Huwayrith na vijana wenzake waliokwenda Madina wakakaa kwa Mtume (S.A.W.) siku ishirini. Mtume alipoona wamewakumbuka watu wao, aliwauliza habari za waliowaacha, kisha akawaamuru warudi wakakae na jamaa zao na kuwafundisha. Akawaelekeza pia kuwa wakati wa swala ukifika mmoja wao aadhini na mkubwa wao aswalishe. Tazama hapo: siku ishirini tu, wakafundishwa ibada, na utaratibu wa kuongozana ukiwa ndani yake. Na kabla ya hapo, watu wa Yathrib walipoukubali Uislamu, Mtume hakuwataka wote wahamie Makka wakasome. Alimtuma Mus'ab bin Umayr awafuate kwao.

Sasa tujiulize, sisi tunafanyaje? Semina za uongozi zinafanyika wapi? Zinafanyika kwenye kumbi za hoteli mijini, kuna posho na chai ya saa nne, na wanaoitwa ni walewale walioitwa mwaka jana. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, Dodoma. Mama wa Mtimbira au Itete atafikaje Hombolo, na watoto amwachie nani? Ni kweli safari imekuwa nafuu. Zamani watu wa Malinyi na Mahenge walivuka Mto Kilombero kwa pantoni, na Januari 2016 pantoni hiyo ilipinduka. Daraja lilizinduliwa rasmi mwaka 2018, alhamdulillah. Lakini daraja hilo limepitisha magunia ya mchele kwenda mjini kuliko lilivyopitisha walimu kwenda Malinyi.

Kuna watakaosema kuwa mwenyekiti wa kijiji anahitaji busara tu, na kwamba sheria yenyewe inamtaka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Hao hawajui uzito wa kiti chenyewe. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Na sheria hiyo hiyo inaizuia halmashauri kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi mtu mzima, yaani miaka 18 na kuendelea: mkulima, mvuvi, mfugaji, muuza maandazi. Kwa hiyo neno la mwisho limewekwa mkononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemweleza kuwa analo.

Hapa ndipo ilipo hatari. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji mmoja wa bonde lile, kijiji sitakitaja. Muhtasari ulisomwa harakaharaka, wananchi wakaulizwa kama wanakubali, mikono ikanyooshwa. Baadaye nilimuuliza mzee mmoja alichokubali. Akanijibu, "Mwanangu, wamesema ni maendeleo." Katika bonde ambalo mkulima, mfugaji na hifadhi wanagombea ardhi ile ile, na ambalo mwaka 2012 lilishuhudia operesheni ya kuondoa mifugo, mkono kama ule unaweza kuwanyima wajukuu shamba. Surat Annisaa, aya ya 58, inatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Basi na kujua haki yako ni amana, na aliyeijua akakaa nayo mjini hajairudisha.

Wala hatuanzi sifuri. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo huko Sweden, na shabaha mojawapo ilikuwa mwanakijiji asome muda mfupi kisha arudi kutumikia kijiji chake. Malinyi wanacho chuo hicho, Sofi, na Ifakara wanacho chao. Leo vyuo hivi vinajulikana zaidi kwa useremala, ushonaji na umeme. Ni mambo mema, lakini nani amekwenda kuwaomba nafasi ya kozi ya wiki mbili kwa wajumbe wa vijiji, wakati shamba limepumzika? Na mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi, redio moja katikati na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo mafupi. Kama iliwezekana kwa betri za redio, leo kila nyumba ina simu, tunashindwaje?

Msikiti nao una nafasi yake. Baada ya swala ya Alasiri, mwalimu anaweza kueleza kwa nusu saa namna mapato na matumizi ya kijiji yanavyosomwa, au kwa nini robo ya viti vya halmashauri ni vya wanawake. Darsa hilo liwekwe pia saa ambayo akina mama wanaweza kufika, na jirani Mkristo akaribishwe barazani, kwani mkutano mkuu wa kijiji ni mmoja. Huku si kupigia chama kampeni. Huko ni kufundisha kuuliza. Na anayeogopa wananchi kuuliza tuulizane anaficha nini.

Ombi langu ni kwa jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni, hasa vijana wa sheria na utawala. Likizo ijayo, badala ya kongamano jingine mjini, wanne au watano waende Malinyi, walale majumbani mwa watu, waichukue Sheria Na. 5 na kuisoma na wanakijiji kifungu kwa kifungu kwa siku ishirini. Sisi wenye mashamba huko tulipe nauli zao. Viongozi waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wamepewa muhula wa miaka mitano, na sehemu yake imeshakatika.