Mtoto wa Kuhani

Mtoto wa kuhani alikuwa kuhani. Basi. Katika Yerusalemu ya kale hakukuwa na mtihani wala kuomba kazi. Kama babako alitoka ukoo wa Haruni, ulihudumu Hekaluni. Kama hakutoka, hata ungekuwa mwerevu vipi, madhabahu hukuigusa.

Marabi walikuja na kipimo kingine: umesoma nini? Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200, inasema kwamba msomi aliyezaliwa katika uhusiano uliokatazwa anamtangulia kuhani mkuu asiyejua sheria. Hiyo si kauli ndogo.

Talmudi nayo ina kisa. Siku ya Upatanisho imekwisha, kuhani mkuu anatoka Hekaluni, umati nyuma yake. Mara watu wanawaona Shemaya na Avtalyon, walimu wawili wa uzao wa wageni walioongoka. Kuhani anaachwa, walimu wanafuatwa. Roho inamuuma. Wanapokuja kumuaga, anawarushia kijembe kuhusu asili yao. Jibu lao, kwa ufupi: heri mgeni anayetenda kama Haruni kuliko mwana wa Haruni asiyetenda.

Tamu, eh? Lakini ngoja. Kisa hiki kimehifadhiwa na nani? Na marabi wenyewe, miaka mingi baada ya Hekalu kuteketezwa mwaka 70 na makuhani kubaki bila madhabahu. Aliyebaki na kalamu ndiye anayesimulia.

Na Talmudi hiyohiyo inawaumbua. Marabi walipomwondoa Gamliel uongozini kwa kumdhalilisha mwenzao, walitafuta wa kushika nafasi yake. Akiva alikuwa gwiji, lakini wakamruka: hakuwa na mababu wa kumkinga. Wakamchagua Elazar ben Azariah: msomi, tajiri, kizazi cha kumi kutoka kwa Ezra. Na Ezra alikuwa nani? Kuhani.

Siwaiti wanafiki. Wangeweza kukifuta kisa hicho, wakakiacha. Ila kinanisumbua. Tunapolalamika kwamba vyeo vinarithiwa, tunachukia urithi wenyewe, ama tunachukia tu kwamba si wetu?

Hadi leo, katika masinagogi mengi, mtu wa ukoo wa makuhani huitwa wa kwanza kusoma Torati. Sababu inayotolewa na Mishna ni amani. Hiyo naielewa. Kumpa mtu heshima kwa sababu ya babu yake hakumuumizi yeyote. Kumnyima Akiva kiti kwa sababu ya babu yake, hapo ndipo tatizo. Na waliomnyima walikuwa watu wa kitabu, si makuhani.