Faida ya Nani, Hasara ya Nani?

Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ya New York ilipeleka mahakamani ombi la kufilisika, ikiwa na umri wa miaka 158 na madeni ya takriban dola bilioni 613. Wafanyakazi walitoka wamebeba vitu vyao kwenye maboksi. Lakini Lucian Bebchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipopiga hesabu, walikuta kuwa tangu mwaka 2000 wakuu watano wa benki hiyo walikuwa wamekwishatia mfukoni kama dola bilioni moja za bonasi na mauzo ya hisa.

Je, ni haki mtu avune faida ya hatari ambayo hasara yake itabebwa na mwingine?

Kanuni ya fiqhi ya Kiislamu inajibu kwamba faida huandamana na dhima. Mikopo ya nyumba ya Marekani, iliyochangia kuiangusha Lehman, ilikwenda kinyume kabisa na kanuni hiyo. Dalali alilipwa kamisheni mteja akishatia saini, hata kama kipato chake hakikuhakikiwa. Mkopeshaji aliuuza mkopo huo, mnunuzi akauchanganya na maelfu mengine na kutengeneza hati za kuwauzia wawekezaji. Kampuni zilizopima usalama wa hati hizo zililipwa na wauzaji wenyewe. Kila mmoja alichukua chake na kuusukuma mzigo mbele. Mambo yalipoharibika, mamilioni ya familia zilipoteza nyumba, na Bunge la Marekani likaidhinisha dola bilioni 700 za umma kuokoa sekta ya fedha.

Wengi husema chanzo ni tamaa. Tamaa ipo tangu enzi na enzi, na mahubiri peke yake hayajawahi kuizuia benki yoyote. Kilichoipa nafasi ni mikataba iliyolipa leo kwa kazi ambayo matokeo yake yangejulikana baada ya miaka.

Hata hivyo, dhima ikitupwa ovyo huumiza wasio na hatia. City of Glasgow Bank ya Uskoti ilipoanguka mwaka 1878, wakurugenzi wake walifungwa kati ya miezi 8 na 18 tu, ilhali wanahisa, wakiwemo wajane, walidaiwa pauni 2,750 kwa kila pauni 100 za hisa ili kulipa madeni ya benki. Wengi wao walifilisika.

Dhima basi imwandame mwenye kuamua. Tangu 2015, kanuni za Uingereza zinaruhusu bonasi ya mkuu wa benki kudaiwa irudishwe kwa muda wa angalau miaka 7 baada ya kutolewa. Sharti kama hilo linastahili kuwekwa kwenye leseni ya kila benki inayopokea amana za wananchi.