Ahadi Isiyo na Badali

Waswahili husema ahadi ni deni, na hawaongezi neno. Hawaulizi aliyeahidiwa alitoa nini, wala hawaleti mizani ya kupimia kilichobadilishwa. Kauli ikishatoka kinywani, mwenyewe amejifunga. Katika vyuo vya biashara vya Marekani, kijana anayesomea uhasibu au uendeshaji wa kampuni hufundishwa jambo jingine tangu mwanzo wa somo la sheria. Huambiwa kwamba mahakama ziko za shirikisho na za majimbo. Kwamba hukumu ya mahakama ya juu huzifunga za chini yake katika kesi zijazo. Na kwamba mikataba, kwa sehemu kubwa, ni mambo ya majimbo. Kisha huonyeshwa nguzo za mkataba: pendekezo, ukubali, na nguzo ya tatu ambayo ndiyo yenye kisa. Nguzo hiyo ikikosekana, ahadi, hata iwe ya dhati namna gani, kwa kawaida si deni mbele ya hakimu.

Kiingereza kimeipa nguzo hiyo neno ambalo katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya kutafakari, au ya kumjali mwenzio. Mfasiri akilishika kwa maana hiyo atapotea njia, kwani sheria hapa haikusudii huruma hata chembe. Inakusudia badali: kitu, au kitendo, au hata kujizuia, kinachotolewa kwa ajili ya ahadi, na ahadi nayo ikatolewa kwa ajili yake. Nipe nikupe.

Badali si lazima iwe fedha. Mwezi Machi 1869, huko New York, William Story alimwahidi mtoto wa nduguye, mbele ya jamaa na wageni, kwamba akijiepusha na ulevi, tumbaku, matusi, na kucheza karata na biliadi kwa fedha hadi atimize miaka 21, atampa dola 5,000. Kijana akajizuia. Ami akafa mwaka 1887 kabla ya kulipa, na msimamizi wa mirathi akadai kwamba kijana hakutoa chochote. Kinyume chake, alijinufaisha mwenyewe kwa kuitunza afya yake. Mwaka 1891 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliikataa hoja hiyo. Kijana alikuwa na haki ya kuvuta na kunywa, akaiacha haki yake kwa sababu ya neno la ami yake, na hiyo ilitosha. Hukumu hiyo hupendwa na wanafunzi, na si ajabu: kila mtu anaondoka na chake, na haki na wema vinakwenda pamoja.

Haviendi pamoja daima. Mwezi Februari 1821 kijana mmoja, Levi Wyman, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akirejea kutoka safari ya baharini. Alipofika Hartford, katika jimbo la Connecticut, maradhi yakamwangusha, naye hana fedha wala jamaa mjini pale. Daniel Mills akampokea nyumbani kwake, akamlisha na kumuuguza tangu tarehe 5 hadi tarehe 20. Hakuna mtu wa pwani asiyeijua hali hiyo: baharia aliyeshushwa bandari ya ugenini na homa mwilini, na mwenye nyumba anayefungua mlango bila ya kuuliza nani atalipa. Habari zikamfikia baba, Seth Wyman, katika jimbo la Massachusetts. Tarehe 24 mwezi ule ule baba akaandika barua, akaahidi kulipa gharama zote. Baadaye akabadili nia, asilipe. Mills akaenda mahakamani na barua mkononi, na mwaka 1825 Mahakama Kuu ya Massachusetts ikamwambia hana haki ya kudai.

Hoja yenyewe ni nyepesi kueleza. Mills alikwisha kutoa kabla ya kuahidiwa. Lau baba angaliandika mapema, akaomba mwanawe auguzwe, barua ile ingalikuwa mkataba. Ilipokuja baada ya kazi kwisha, ilikuta hakuna cha kubadilishana nacho. Tena mwana alikuwa mtu mzima, aliyekwisha kutoka siku nyingi katika nyumba ya babake, kwa hiyo baba hakuwa na wajibu wa kisheria wa kumlisha. Jaji Mkuu Isaac Parker hakumsifu baba. Alikiri kwamba kanuni za jumla za sheria huweza mara nyingine kumlinda mtu asifanye lile ambalo muungwana angejiona amefungwa nalo, na kwamba wajibu wa namna hiyo jamii imeuacha kwenye baraza ya dhamiri.

Ni kauli ya heshima, lakini inafaa iulizwe: baraza hiyo ya dhamiri hukaa wapi, na mshitaki huingilia mlango gani? Katika baraza hiyo mdaiwa ndiye hakimu, ndiye shahidi, na ndiye mwenye kutekeleza hukumu. Mills hakudai shukrani. Alidai chakula kilicholiwa, chumba kilicholaliwa, na siku kumi na tano za uuguzi, vitu vyenye bei katika kila mji wa bandari. Aliyetangulia kupatana bei ndiye sheria iliyemlinda. Aliyetangulia kumpa mgonjwa maji ndiye iliyemwacha. Mwanafunzi wa biashara akiichukua kesi hii kama ilivyo, atatoka na funzo kwamba wema wake ulikuwa ni uzembe wa kikazi.

Hata hivyo upande wa pili una uzito, na si haki kuupita mbio. Binadamu huahidi mengi kwa furaha, kwa huzuni, au kwa kuona haya. Baba aliyepata habari za maradhi ya mwanawe huandika kwa mkono unaotetemeka. Je, kila neno la saa kama hiyo lipelekwe kwa hakimu? Zamani sheria ya Kiingereza ilikuwa na dawa: aliyetaka kujifunga bila ya badali aliandika hati na kuipiga lakiri, na ule moto wa lakiri ukampa nafasi ya kufikiri mara ya pili. Majimbo mengi ya Marekani yameiondolea lakiri nguvu yake, na hayakuweka kingine cha kutosha mahali pake. Hapo ndipo penye dosari. Kumtaka mtu aonyeshe kwamba alikusudia kweli ni sawa. Kumtaka aonyeshe kwamba alifanya biashara ni jambo jingine kabisa.

Wapo majaji walioiona tofauti hiyo. Tarehe 3 Agosti 1925, katika kiwanda cha mbao huko Alabama, mfanyakazi aitwaye Joe Webb alikuwa juu akidondosha gogo la msonobari lenye uzito wa kiasi cha kilo 34. Akamwona J. Greeley McGowin amesimama chini, pale pale litakapoangukia. Njia pekee ya kuligeuza ilikuwa kuanguka nalo, akaanguka nalo. McGowin akasalimika, Webb akawa kilema maisha. McGowin akaahidi kumpa dola 15 kila baada ya wiki mbili muda wote Webb atakaoishi, na akatimiza mpaka alipofariki mwanzoni mwa 1934. Warithi wakasitisha. Kwa kipimo cha Parker, Webb naye alitoa kwanza na kuahidiwa baadaye. Mahakama ya rufani ya Alabama, mwaka 1935, ilimpa haki yake: mwenye kuahidi alikuwa amepata faida ya kweli mwilini mwake, na ahadi yake ilikuwa ithibati. Jaji Samford alikubali kwamba ukali wa kanuni huenda ungemnyima Webb, lakini akaona kwamba penye shaka sheria haifai kutenganishwa na haki.

Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyovuka bahari ikatumika pia Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ilikwisha kuliweka hilo katika kifungu cha 25: ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukutendea jambo kwa hiari yake ni halali. India ilitangulia Alabama kwa zaidi ya miaka sitini.

Huko Marekani wanazuoni waliokusanya kanuni za mikataba walitoa toleo la pili mwaka 1981, na humo wakaandika kwamba ahadi kwa faida iliyokwisha kupokewa huweza kumfunga mtu, kwa kadiri inavyohitajika kuzuia dhuluma. Wakatia mifano, kama desturi yao, bila ya majina. Katika mmoja wake yumo mtu aliyemwokoa mwenziwe akawa kilema, akaahidiwa dola 15 kila wiki mbili: ahadi yake inafunga. Na mfano wa kwanza kabisa ni wa mtu aliyemuuguza kijana mgonjwa, mtu mzima, aliye mbali na kwao na hana fedha, kisha baba akaahidi kulipa. Hiyo, wakaandika, haifungi.