Upendo Unaokubali Kukaguliwa

Liko swali ambalo washarika wengi hawalisemi kwa sauti, lakini huwa mioyoni mwao kila inapotajwa nyumba ya kutunzia wazee iliyo chini ya Kanisa. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kazi hii inafanywa kwa jina la Mungu, na watu waliojitoa, kwa sadaka za waumini, kwa nini Afisa Ustawi wa Jamii aje na fomu zake kuhesabu vitanda, kufunua masufuria na kuuliza vyeti vya watumishi? Je, huko si kuutilia shaka upendo wenyewe?

Wapo pia wanaosema jambo jingine. Wanasema nyumba za wazee si desturi yetu. Mzee wa Kiafrika hutunzwa na wanawe. Kwa hiyo tusihangaike kuziwekea kanuni, bali tuzikatae tu.

Maoni haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yote humfikisha mzee mahali pamoja. La kwanza linamwacha ategemee hisani ya anayemhudumia, na la pili linajifanya kwamba hayupo. Katika yote mawili, mzee aliyelala kitandani leo hii hana wa kumsemea. Ndiyo maana nataka tulitafakari jambo hili kwa utulivu, tukiwa na Maandiko mkononi na hali halisi ya nchi yetu mbele ya macho.

Tuanze na hoja ya desturi. Ni kweli kwamba familia ndiyo nyumba ya kwanza ya mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi maalumu kuwa njia ya mwisho. Mtume Paulo naye, katika 1 Timotheo 5, anawataka watoto na wajukuu watangulie kuwatunza wazazi wao kabla mzigo haujaletwa kwa kanisa. Na Bwana Yesu, katika Marko 7, anawakemea watu waliotumia nadhiri za dini kama kisingizio cha kutowasaidia baba na mama zao. Mwana mwenye uwezo anayempeleka mama yake katika makazi ili apumzike na kelele zake asidhani kwamba michango yake ya ujenzi wa kanisa itamfunika.

Lakini tuwatazame wanaoishi katika makazi hayo. Baadhi ya makazi ya Serikali hapa Tanzania yalianza kama mahali pa kuwahifadhi watu waliougua ukoma, waliokimbiwa na ndugu zao. Wengine ni wazee waliozaa na kuzika watoto wote. Wengine walikuja mjini au mashambani kufanya kazi za vibarua wakiwa vijana, uzee ukawakuta mbali na kwao bila ardhi wala ukoo. Na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wapo akina bibi waliofukuzwa au kunusurika kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni za kupikia walizozichochea miaka hamsini wakiwalisha hao hao wanaowatuhumu. Mtu wa namna hii ukimwambia arudi kwa familia, unamrudisha kwenye panga. Kwake yeye, makazi ndiyo familia. Basi swali linabaki: ni familia ya namna gani?

Hapo ndipo tunapokutana na neno hatari kuliko yote katika kazi hii, nalo ni neno "afadhali". Tunaambiwa afadhali wako hapa kuliko walikotoka, na afadhali uji huo kuliko njaa. Neno hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linalaghai. Anayepimwa kwa "afadhali" hupimwa kwa shida aliyotoka nayo, wala si kwa sura ya Mungu aliyoumbiwa. Kwa kipimo hicho, yule aliyeteswa zaidi zamani ndiye anayestahili kidogo zaidi sasa. Hakuna Injili katika hesabu ya namna hiyo.

Wenzetu wa Uingereza wana chombo kiitwacho Care Quality Commission, kilichoanza kazi mwaka 2009, ambacho hukagua nyumba za wazee na kutangaza matokeo hadharani. Wakaguzi wake huuliza maswali makuu matano: je, nyumba ni salama? Je, huduma yake inaleta matokeo mema? Je, watumishi wana huruma? Je, mahitaji ya kila mmoja yanasikilizwa? Na je, uongozi wake ni mzuri? Andrea Sutcliffe, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa huduma hizo, aliwafundisha wakaguzi wajiulize swali moja rahisi zaidi: je, mahali hapa panamfaa mama yangu mwenyewe? Kwa mkristo swali hili si geni, maana ni ile amri ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa, ikiwa imevishwa nguo za kazi.

Hata hivyo, nchi hiyo yenye wakaguzi na taarifa nyingi imewahi kugundua wazee waliopigwa na kusahauliwa ndani ya nyumba zilizosajiliwa. Kwa hiyo tusidhani kwamba karatasi inaokoa. Lakini tusiruke pia upande wa pili na kusema kwamba, kwa kuwa ukaguzi hauzuii uovu wote, basi hauna kazi. Kufuli halimzuii kila mwizi, na bado kila usiku tunafunga milango.

Sasa turudi kwenye lile swali la kwanza. Je, kumkagua mtumishi wa Mungu ni kumtilia shaka? Tusome Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa lile la Yerusalemu lilikuwa na mitume wenyewe, walioishi na Bwana na kupokea Roho siku ya Pentekoste. Kama lipo kanisa ambalo lingeweza kudai kwamba upendo wake unatosha, ni lile. Na bado wajane wa upande mmoja, wale wasemao Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mwandishi hasemi kwamba kulikuwa na mtu mbaya jikoni. Anasema tu kwamba walisahauliwa. Upendo unaweza kusahau, hasa unapokuwa na watu wengi na chakula kidogo.

Angalieni walivyofanya mitume. Hawakuwaambia wajane wawe na shukrani, wala hawakuyaita manung'uniko yale uasi. Waliita kusanyiko zima, wakaweka sifa za wahudumu, wakaliachia lichague watu saba, kisha wakawakabidhi jukumu linalojulikana. Na majina ya wale saba ni ya Kiyunani. Inaelekea walichaguliwa kutoka upande ule ule uliokuwa umeonewa. Basi kanisa la kwanza lilipolalamikiwa, lilikabidhi ufunguo wa ghala kwa waliolalamika.

Paulo naye alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ndugu wengine wanafuatana na Tito, ili lawama isipate nafasi, na ili mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa mtume hakuona haya kuhakikiwa fedha, itakuwaje sisi tuone haya kuhakikiwa miili na roho za wazee wetu? Anayesema, "Mungu anaona," amesema kweli. Lakini aliye na hakika kwamba Mungu anaona hana sababu ya kuogopa jirani akiona.

Ipo sababu nyingine inayofanya jicho la nje liwe la lazima, nayo ni unyonge wa mzee mwenyewe. Mtu anayelishwa, anayevalishwa na anayeogeshwa na mwingine hawezi kumlalamikia huyo mwingine kwa uhuru. Ukimuuliza mbele ya matroni kama anatunzwa vizuri, atasema, "Tunamshukuru Mungu." Shukrani hiyo inaweza kuwa ya kweli, na inaweza kuwa woga uliovaa kanga ya heshima. Bibi anajua kwamba wewe utaondoka saa kumi, naye atabaki na yule yule atakayembadilisha nepi usiku. Kwa hiyo "asante" ya mzee si cheti cha ubora. Mkaguzi mwema huzungumza naye faragha, hutazama ngozi ya mgongo wake kama ina vidonda vya kulala, husoma daftari la dawa, na huuliza nani anashika fedha zake.

Ipo hoja nzito dhidi ya haya, wala si haki kuipita. Viwango vinagharimu fedha. Nyumba ndogo ya wazee kumi, inayoendeshwa na masista wawili na mpishi mmoja, ikilazimishwa kuwa kama hospitali itafungwa, na wale kumi watarudi barabarani. Hilo ni kweli, na kanuni inayomrudisha mzee barabarani imesahau iliwekwa kwa ajili ya nani.

Jibu langu ni kwamba tutenganishe mambo yanayohitaji fedha na yasiyohitaji. Kiti cha magurudumu ni fedha, na vilevile paa jipya, muuguzi wa zamu ya usiku na gari la kumpeleka mgonjwa zahanati. Katika hayo, nyumba yenye nia njema ipewe muda, na Serikali pamoja na sharika zisaidie kabla ya kufunga. Lakini kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani hakuna gharama. Kumwita mtu kwa jina lake badala ya namba ya kitanda hakuna gharama, wala kumuuliza kama anataka kuishi hapo. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa mwaka 2016, inataka makazi ya namna hii yawe hiari ya mzee. Na pale penye kipigo, wizi wa fedha za wazee au kufichwa kwa ukweli, pasiwe na muda wa kujirekebisha hata siku moja.

Nitoe mfano mmoja. Iko nyumba ambayo mashuka yake yalikuwa meupe na ua wake umefagiliwa, lakini chakula cha jioni kilitolewa saa kumi na moja, kwa kuwa mpishi aliwahi daladala. Uji wa asubuhi ulikuwa saa mbili. Saa kumi na tano bila kitu tumboni, kwa wazee ambao baadhi yao wana ugonjwa wa sukari! Hakuna aliyekuwa katili pale. Ratiba ilipangwa kumfuata mwenye miguu, na asiye na miguu akazoea. Mgeni anayefika saa nne asubuhi na kupiga picha angeisifu nyumba ile. Anayeuliza saa za kula angeona jambo jingine.

Hapa ndipo kazi ya mkaguzi inapoishia na ya usharika inapoanza. Mkaguzi huja mara chache na kuondoka. Sisi tuko karibu. Lakini tujiulize tunavyowatembelea. Kwaya huenda wakati wa Krismasi, sukari na sabuni hukabidhiwa mbele ya kamera, sala hufanywa, na gari huondoka. Mzee hutazamwa siku moja na kusahauliwa nyingine zote, akiwa ametumika kupamba taarifa yetu ya mwaka. Mathayo 25 inazungumza juu ya kumwendea aliye mgonjwa na aliye kifungoni, wala haitaji kupigwa picha naye.

Ningependekeza, kwa unyenyekevu, mambo haya. Kila usharika ulio karibu na makazi ya wazee uwe na watu wachache wanaokwenda kila mwezi, siku isiyotangazwa, wakakae na watu wale wale hadi wazoeane. Kamati ya nyumba yoyote iliyo chini ya Kanisa iwe na wazee wenyewe ndani yake, kama wale saba. Taarifa ya ukaguzi isomwe ibadani kama inavyosomwa taarifa ya mapato na matumizi. Na nyumba ambayo haijasajiliwa isajiliwe, hata kama inaendeshwa na mtu tunayempenda. Hasa kama inaendeshwa na mtu tunayempenda, maana kwake ndiko macho yetu yanakolala usingizi.

Katika Yohana 21, Bwana alimwambia Petro kwamba ujana wake ulikuwa wa kujifunga mwenyewe na kwenda atakako, lakini uzeeni angenyosha mikono na mwingine angemfunga na kumpeleka asikotaka. Neno hilo lilihusu kifo chake, lakini kila aliyewahi kumvika mzazi shati anajua linavyotuhusu sote. Tukijaliwa umri, iko siku tutanyosha mikono. Atakayeishika mikono hiyo hatujamjua bado. Tunachoweza kuchagua leo ni kama atakuwa mtu anayefanya kazi gizani peke yake, au mtu anayejua kwamba mlango uko wazi na ndugu wanaweza kuingia saa yoyote.