Msanii Mgeni na Deni Lake

Katika nchi nyingi msanii hujitafutia mwenyewe mahali pa kufanyia kazi. Huandika usiku baada ya kazi ya mchana, au huchora kwenye pembe ya chumba ambamo watoto wamelala. Ndiyo maana desturi moja ya Marekani yafaa itazamwe na wote wanaofikiri juu ya sanaa na taifa. Huko, baadhi ya hifadhi za taifa humkaribisha mchoraji, mwandishi, mwanamuziki au mchongaji akae ndani ya hifadhi kwa wiki kadhaa, apewe nyumba bila kodi, na aachwe afanye kazi yake. Mtu huyo huitwa msanii mkaazi, ingawa kwa hakika yeye si mkaazi bali ni mgeni. Swali ninalotaka tulichungue ni hili: mgeni wa namna hiyo anadaiwa nini, na mwenye kumdai ni nani?

Tuchukue mfano mmoja. Isle Royale ni kisiwa chenye urefu wa kilometa 72 hivi katika Ziwa Superior, karibu na mpaka wa Marekani na Kanada. Kilifanywa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1940. Wakati wa baridi kali hifadhi hufungwa. Wakati wa kiangazi watu hufika kwa meli, au kwa ndege ndogo zituazo majini. Msanii anayetaka kukaa huko hupeleka maombi miezi mingi kabla. Hupeleka mifano ya kazi zake, na maelezo ya kazi anayokusudia kuifanya na kwa nini kazi hiyo ifanyiwe kisiwani na si pengine. Waamuzi huchagua wachache tu miongoni mwa waombaji. Aliyechaguliwa hupewa nyumba ndogo ya mbao iitwayo Dassler, pamoja na mtumbwi. Hakuna umeme wala maji ya bomba. Kwa wiki mbili au tatu atachota maji, atapika chakula alichokuja nacho, atasikiliza upepo na mawimbi, na pengine alfajiri moja atamwona moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, akinywa maji ukingoni. Naye, kwa upande wake, hutakiwa kuzungumza na wageni wa hifadhi juu ya kazi yake, na baadaye kutoa kazi moja iliyotokana na ukaazi huo iwe mali ya hifadhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe hutajwa hata kabla mgeni hajafunga safari, nami sioni aibu yoyote katika sharti hilo. Wapo wasemao kwamba sanaa inayotolewa kwa mapatano si zawadi tena bali ni kodi ya nyumba. Hoja hii hainishughulishi sana. Fundi aliyechonga mlango wa Lamu alilipwa, na uzuri wa mlango haukupungua. Ugumu uko kwenye lile swali dogo la fomu: kwa nini hapa? Ni rahisi mwombaji ajibu kwamba anatafuta upweke, na kwamba anataka kuiona nchi kama ilivyokuwa kabla binadamu hajaigusa. Jibu hilo ni zuri kulisikia, lakini hebu tulipime.

Waojibwe hukiita kisiwa hicho Minong. Mamia ya mashimo ya kale yanashuhudia kwamba wenyeji wa eneo hilo walichimba shaba kisiwani kwa maelfu ya miaka, wakiivunja miamba kwa mawe ya kugongea. Mwaka 1844 Waojibwe wa Grand Portage walitia alama zao katika mapatano yaliyokihusu kisiwa hicho, baada ya mkataba wa mwaka 1842 ambao kwao serikali ilihesabu kwamba ardhi ile imekuwa yake. Baadaye walikuja wachimbaji wa makampuni, kisha wavuvi, wengi wao wenye asili ya Norway na Sweden, waliojenga vibanda na magati ya kuanikia nyavu. Zilikuja pia familia zenye uwezo, zikajenga nyumba za mapumziko. Ile nyumba ya Dassler ilikuwa ya familia ya namna hiyo. Hifadhi ilipoundwa, baadhi ya wakaazi waliruhusiwa kuendelea kutumia nyumba zao kwa muda wa maisha yao. Walipokufa mmoja baada ya mwingine, nyumba zao zilibaki mikononi mwa serikali. Kwa hiyo kile kimya anachokisikia msanii ni kimya kilichotengenezwa, tena kwa kalamu na karatasi.

Wala sanaa yenyewe haikuwa mtazamaji tu katika kazi hiyo. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran na mpiga picha William Henry Jackson walifuatana na msafara wa uchunguzi wa Yellowstone. Michoro na picha zao zilionyeshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi, 1872 sheria ya kuifanya Yellowstone kuwa hifadhi ilitiwa saini. Mwaka huo huo Bunge lilinunua picha kubwa ya Moran kwa dola 10,000. Ukiitazama picha hiyo utaona korongo, maporomoko na mwanga wa ajabu; binadamu wamo, lakini ni wadogo mno kiasi cha kupotea miambani. Kabla ya miaka kumi kwisha, Washoshone wa milimani waliokuwa wakiishi humo walikuwa wameondolewa. Simlaumu Moran kwa uhamisho huo. Nasema tu kwamba macho ya msanii yalikuwa miongoni mwa zana zilizotumika.

Hapa msomaji atapinga, na ana haki. Je, msanii ni karani wa historia? Mtu hawezi kuchora jiwe kwa sababu ni jiwe? Anaweza, tena ni wajibu wetu kumlinda dhidi ya wale wanaotaka kila mchoro uwe hotuba. Nimeona michoro mingi ya aina hiyo, yenye ngumi zilizoinuliwa na isiyo na mkono hata mmoja uliochorwa vema. Lakini yako mambo mawili tusiyochanganye. Kuchagua kutosema si uongo. Anayechora jiwe la Minong na kunyamaza hajamdhulumu mtu. Lakini yule anayeandika chini ya mchoro wake kwamba hili ni pori lisilopata kuguswa, amesema jambo, na jambo hilo si kweli. Amelipa deni la mwenyeji aliyempa ufunguo kwa mali ya mwenyeji asiyekuwapo. Wala asijitetee kwamba hifadhi isingependa kusikia habari nyingine, kwa maana mwaka 2019 Minong iliingizwa katika orodha ya taifa hilo ya mahali pa kihistoria, kwa sababu ya thamani yake katika utamaduni wa watu wa Grand Portage.

Habari hii si ya ng'ambo peke yake. Fikra ya hifadhi isiyo na watu ilivuka bahari ikafika kwetu. Mwaka 1959, chini ya utawala wa Kiingereza, Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro, ingawa jina lenyewe la Serengeti lilitoka katika lugha yao.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha sekondari, niliwapa wanafunzi zoezi la kuchora hifadhi ya Serengeti. Thelathini na kitu walileta simba, mgunga, na jua likizama. Kijana mmoja alileta boma, ua wa miiba, na ndama aliyefungwa mlangoni. Nilimwita mezani nikamwuliza wanyama wako wapi. Alisimama wima, mikono nyuma, akajibu, "Mwalimu, bibi yangu alizaliwa humo." Nilimpa alama nne katika kumi, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: soma swali.